Afya Nyumbani: Je, Sigara Ilikuwa Dawa?

Mwezi huu tulikuwa tumekusudia kuzungumza na wasomaji wetu juu ya meno ya watoto, kama tulivyoahidi. Lakini imetufikia barua ya mama mmoja, na tulipoisoma tuliona kuwa meno yaweza kungoja, na jambo hili haliwezi. Jina lake na mji wake twayaweka kando, kwani hayo ni amana.

Mumewe ana pumu tangu ujana wake. Kwa miaka mingi amekuwa akimeza vidonge vya teofilini asubuhi na usiku, na mfukoni hakosi ile dawa ya kuvuta kwa mdomo ya rangi ya buluu, ambayo wengi wetu huiita inhela. Na juu ya maradhi hayo ya kifua alikuwa mvutaji: pakiti moja kwa siku, na siku ya harusi au ya msiba zaidi ya hapo. Ramadhani iliyopita alitia nia ya kuacha sigara, na kweli akaiacha. Siku tano za mwanzo alikuwa mkali kidogo kwa watoto, jambo ambalo mama huyu anasema alilistahimili kwa furaha. Kisha, kumi la kwanza lilipokuwa linakwisha, balaa likaingia. Bwana akashikwa na kichefuchefu. Daku anakula, alfajiri anatapika. Mikono ikamtetemeka. Moyo ukamwenda mbio hata akiwa amejinyoosha kitandani, na usingizi asiupate. Wazee wa barazani wakamtazama, wakatoa hukumu yao: mwili ulikwisha kuzoea, umeukata ghafula, sasa unakudai haki yake, vuta japo moja usiku. Akavuta moja, kisha mbili, na kabla ya Idi amerudi kwenye pakiti yake. Baada ya siku chache mtetemo ukakoma, kutapika kukaisha, akalala.

"Sasa mimi nimwambie nini?" anauliza mama huyu. "Mwenyewe asema kwamba kwa watu wengine sigara ni sumu, ila kwake yeye ni dawa. Nami kwa macho yangu nimemwona alipoacha akaugua, na aliporudia akapona."

Kwanza twataka kumwambia mama huyu kwamba macho yake hayakumdanganya. Mambo yalikwenda vile vile alivyoyaona. Walakini kilichomuugua mumewe hakikuwa ule ukosefu wa sigara. Vilikuwa ni vile vidonge vyake mwenyewe, ambavyo hakuna aliyevitazama kwa kuwa vilikuwa vile vile vya siku zote, idadi ile ile, saa zile zile.

Ili jambo hili lifahamike yatupasa kuingia kidogo katika ini. Dawa nyingi tunazomeza hupita katika ini, zikavunjwa, na mabaki yake yakatolewa mwilini. Wanaofanya kazi hiyo ni vitu vidogo viitwavyo vimeng'enya. Tuwafananishe na vibarua, kila kundi na kazi yake. Sasa, lami iliyomo katika moshi wa sigara ina tabia ya kulichochea ini kuajiri vibarua wengi zaidi wa kundi moja, na kundi hilo ndilo hilo linalovunja teofilini. Kwa mtu mzima asiyevuta, nusu ya teofilini iliyomo damuni huondoka kwa muda wa kiasi cha saa 8. Kwa mvutaji nusu hiyo huondoka kwa saa 4 au 5 hivi. Dawa inafagiliwa kabla haijamaliza kazi yake. Basi mgonjwa hurudi kwa daktari akalalamika kuwa vidonge havimfai, na daktari akaongeza kipimo, pengine bila ya kuuliza, na bila ya kujua kwamba nyongeza ile anaulisha moshi.

Siku mtu huyo anapoacha sigara, lami haiji tena, na katika muda wa wiki moja au zaidi kidogo ini huwapunguza wale vibarua wa ziada. Lakini yeye anaendelea kumeza kipimo cha mvutaji. Dawa inaingia kama zamani na inatoka polepole, inajikusanya damuni siku baada ya siku. Na teofilini si dawa ya kuchezewa: baina ya kiasi kinachofaa na kiasi kinachodhuru ni nafasi nyembamba mno. Dalili za kuzidi kwake ni hizo hizo alizoziandika mama huyu, kichefuchefu, kutapika, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi, na kichwa kuuma. Ikizidi zaidi ya hapo moyo hupoteza mpangilio wake, mtu hushikwa na degedege, na wengine wamekufa. Bwana huyu alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo asilolijua. Aliporudia sigara, ini likawaajiri vibarua wake tena, dawa ikapungua damuni, na watu wakasema amepona.

Wazee wa barazani hatuwalaumu. Walihukumu kwa walichokiona. Lakini wangelijua jambo moja wasingelisema waliyoyasema, nalo ni kwamba dhiki ya kuacha tumbako ina wakati wake na ina sura yake. Huanza siku ile ile ya kwanza, hufikia ukali wake siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili mpaka nne. Sura yake ni hasira, uchu, kukosa utulivu, njaa isiyokwisha, na usingizi wa mang'amung'amu. Wengine hukohoa zaidi kwa wiki chache. Ama moyo, mtu anapoacha nikotini hupiga polepole kuliko zamani, hauendi mbio. Basi mtu aliyekwisha vuka wiki ya kwanza kwa salama, kisha siku ya nane au ya kumi moyo ukaanza kumpiga mbio na matapishi juu yake, huyo asipelekwe kwenye sigara. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mfuko wa dawa zake zote mkononi.

Matabibu wenye kulijua jambo hili hupunguza kipimo cha teofilini, aghlabu kwa robo au theluthi, katika wiki ile ya kwanza ya kuacha, na palipo na chombo cha kupimia hupima kiasi cha dawa katika damu. Twasema hayo ili msomaji ajue la kuuliza. Hatusemi ili akate kidonge mwenyewe kwa kisu cha jikoni; mwenye pumu akijipunguzia dawa bila ya kipimo aweza kubanwa kifua usiku wa manane. Na ajue pia kwamba erithromaisini na siprofloksasini, dawa za kuua vijidudu ambazo watu wengi hununua dukani kwa mafua na matumbo, nazo huzuia teofilini isitoke mwilini. Mtu aliyeacha sigara, akashikwa na homa, akameza mojawapo ya hizo, amejirundikia mizigo mitatu kwa mpigo mmoja.

Hapa tuna neno kwa wanywaji kahawa, nasi tumo miongoni mwao. Kahawa ina kafeini, na kafeini ni ndugu wa damu wa teofilini. Teofilini yenyewe mara ya kwanza ilipatikana katika majani ya chai, mwaka 1888, na aliyeitoa ni mtaalamu wa Ujerumani aitwaye Albrecht Kossel. Ndugu hawa wawili huvunjwa na kundi lile lile la vibarua. Basi aliyekuwa akinywa vikombe vinane vya kahawa chungu barazani baada ya tarawehe, na sigara mkononi, siku atakayoacha sigara kahawa ile ile itakuwa kama imeongezwa nguvu maradufu. Atatetemeka, atakesha, atakuwa mkali, na atasema ni sigara inayomdai. Kumbe ni buli. Anayeacha sigara apunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na kwa mwenye kumeza teofilini hilo ni la lazima zaidi.

Itikadi ya kwamba moshi hutibu kifua haikuanza na bwana huyu. Ina asili yake. Uko mmea unaoota katika majaa na kando ya njia, una ua jeupe mfano wa tarumbeta na tunda lenye miba, nao ni mnanaha (si nanaa ya chai, msichanganye, kwani kosa hilo laweza kuua). Majani yake makavu yalikuwa yakichomwa, na wenye pumu wakivuta moshi wake, huko Bara Hindi na kwingineko. Mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa madaktari wa Uingereza waliichukua desturi hiyo kutoka Bara Hindi, na baadaye Ulaya na Marekani zikauzwa sigara khasa za pumu, zimejazwa majani hayo badala ya tumbako, mpaka ndani ya karne ya ishirini. Wala haikuwa uzushi mtupu. Ndani ya mmea huo mna atropini, ambayo hulegeza misuli ya njia za pumzi. Na ipratropiamu, dawa ya kuvuta inayotumika leo mahospitalini, imetengenezwa kutokana na atropini hiyo. Lakini mnanaha ni sumu inayopagawisha na kuua, na hakuna leo sababu ya kuugusa. Ama tumbako haina hata hiyo kheri ndogo. Inachofanya kwa mwenye pumu ni kuzichubua zile njia ambazo tayari zimevimba.

Na hapa twafika kwenye ile inhela ya buluu. Ndani yake aghlabu mna salbutamoli, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka 1969. Kazi yake ni kulegeza misuli iliyozikaza njia za pumzi, na huifanya kwa dakika chache, na kwa hiyo watu huipenda. Lakini pumu si kukaza tu. Ni uvimbe unaofukuta ndani siku zote kama moto wa pumba, na salbutamoli haiuzimi. Inayouzima ni dawa ya aina nyingine, kama vile beklometasoni, ambayo huvutwa kila siku hata mtu akiwa mzima, na mara nyingi hutiwa katika chombo cha rangi ya kahawia. Hiyo haimpi mtu nafuu ya papo hapo, na ndiyo maana wengi huitupa kabatini. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la matabibu wa pumu, liitwalo GINA, lilitoa mwongozo kwamba watu wazima na vijana wenye pumu wasitibiwe kwa dawa ya kulegeza peke yake, bali kila mmoja apate na ile ya kuzima uvimbe. Ama teofilini imesogea nyuma. Huongezwa pale ambapo zile za kuvuta hazikutosha au hazikupatikana. Mume wa mama yetu anayo haki ya kumwuliza daktari wake: kwa nini nameza hii, na ile nyingine sijapewa?

Lakini na ajue mapema kwamba sigara haikai vizuri hata na dawa hiyo njema. Kwa mvutaji, dawa ya kuzima uvimbe hufanya kazi dhaifu kuliko kwa asiyevuta. Kwa hiyo mtu huyu amekuwa akipigwa na moshi pande zote mbili: kwa teofilini ulimfanya ameze nyingi, na kwa beklometasoni ungeifanya isimfae.

Wasomaji wengi hutuuliza, inapokaribia Ramadhani, kama inhela hufuturisha. Hatutajifanya wanazuoni. Tutataja tu yaliyosemwa. Wako waliosema haifuturishi, kwani si chakula wala kinywaji wala si mfano wake. Miongoni mwao ni Sheikh Ibn Uthaymin wa Saudia, Mungu amrehemu. Wako waliosema hufuturisha, wakiwamo wengi wa wanazuoni wa Deoband, kwa kuwa ni kitu chenye mwili kinachoingia ndani. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jidda mwaka 1997 liliorodhesha mambo mengi ya tiba yasiyofuturisha, na suala la inhela likaliacha kwa utafiti zaidi. Kila mtu amwulize sheikh anayemwamini. Lakini pana jambo ambalo khitilafu hii hailigusi: dawa ya kuzima uvimbe huvutwa mara mbili kwa siku, na mara mbili hizo zaweza kuwa wakati wa daku na baada ya futari, na mtu akafunga mwezi mzima bila ya kuhitaji kuuliza. Baada ya kuivuta yapasa kusukutua na kutema ili kinywa kisiote utando mweupe. Anayeivuta kabla ya kutawadha amekwisha kulitimiza hilo. Anayebanwa kifua mchana, huyo ni mgonjwa, na mgonjwa ana rukhsa yake inayojulikana. Avute ile ya buluu papo hapo. Suala la kulipa siku aliulize akiwa na pumzi.

Sasa bwana huyu anataka kuacha tena, asema mkewe, lakini anaogopa. Twamwambia kwamba dawa za kumsaidia mtu kuacha zipo, na si aibu kuzitumia. Mojawapo ya zilizo kongwe ni ubani wa kutafuna wenye nikotini, yaani chingamu. Ulibuniwa Uswidi, baada ya kuonekana kuwa mabaharia wa manowari zinazozama, ambao hawakuweza kuvuta humo ndani, walijituliza kwa kutafuna tumbako; ukaanza kuuzwa mwaka 1978. Watu wengi huutumia vibaya kwa kuutafuna kama ubani wa watoto, wakashikwa na kwikwi na kiungulia, wakautupa. Hutafunwa polepole mpaka uwashe kama pilipili manga, kisha huwekwa baina ya shavu na ufizi ukatulia hapo, na washo ukiisha hutafunwa tena. Na usitafunwe juu ya kahawa, kwani kahawa huzuia nikotini isipenye kinywani. Kuna na plasta ya kubandika ngozini asubuhi, ambayo humpa mtu nikotini kidogo kidogo mchana kutwa. Na lile Baraza la Jidda, katika uamuzi ule ule wa 1997, lilihesabu plasta za dawa za ngozini kuwa hazifuturishi. Nikotini ya ubani na ya plasta haina lami. Kwa hiyo hailichochei ini, na mwenye teofilini anayehamia kwenye plasta ahesabiwe kuwa ameacha moshi kabisa, na kipimo chake kitazamwe vile vile.

Viko pia vidonge. Vareniklini huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha na huendelea kwa wiki 12; huleta kichefuchefu na ndoto za ajabu kwa baadhi ya watu. Bupropioni ni ya pili, na hii haifai kwa mwenye kifafa. Na kwa kuwa teofilini nayo yaweza kuleta degedege, mwenye kumeza teofilini asipewe bupropioni ila na daktari anayejua kwamba anameza zote mbili. Shirika la Afya Duniani liliitia nikotini ya tiba katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge hivi viwili mwaka 2021. Si kila duka la dawa huziweka, na bei yake si ndogo. Lakini na bei ya pakiti moja kila siku kwa miezi mitatu nayo ihesabiwe, tena ihesabiwe na mke, maana waume zetu katika hesabu hiyo huwa wasahaulifu.

Na ikiwa hapatikani hata kimoja cha hivyo, bado ana kitu alichokwisha kukijaribu. Katika pwani yetu hii mfungaji hukaa zaidi ya saa 13 bila ya sigara, siku ishirini na tisa au thelathini mfululizo. Nusu ya nikotini huondoka damuni kwa kiasi cha saa 2. Adhana ya magharibi inapoadhiniwa, nyingi imekwisha ondoka. Kazi ngumu ya kila siku imefanyika, kisha inavunjwa kwa kiberiti kimoja baada ya tende. Anayeweza kuzipita saa tatu hizo baada ya futari amekwisha kuiweza siku nzima. Na hapo ndipo watu wa nyumbani wana kazi: futari iandikwe polepole, chai iwe nyepesi, na mgeni anayevuta aombwe kwa adabu atoke nje, ughani, asivute chumbani walimolala watoto.

Jambo la hukumu ya tumbako hatulifungui leo. Limezungumzwa tangu tumbako ilipoingia nchi za Kiislamu katika karne ya kumi na moja ya Hijra, na lina wenyewe. Na vijana waliotuuliza juu ya shisha twawajibu kwa ufupi: maji ya shisha huupoza moshi, hayauchuji, na mwenye pumu asiikaribie.

Mama yetu tulimjibu kwa posta, hatukungoja gazeti. Tulimwomba amtie bwana wake vidonge vyote, inhela, na hata dawa za mitishamba katika mfuko mmoja, aende navyo kwa daktari, na neno la kwanza atakalolisema, kabla ya kueleza pumu, liwe: navuta sigara ishirini kwa siku, nataka kuacha tarehe fulani. Ametuandikia tena. Daktari, asema, aliweka kalamu chini, akavitazama vile vidonge, akauliza hiyo Ramadhani iliyopita ilikuwaje. Amempa dawa ya kuzima uvimbe, akamwandikia kipimo kipya cha teofilini cha kuanzia siku ya kuacha, na akamtaka arudi baada ya wiki moja. Bwana alichagua siku ya Ijumaa. Barua ilipoandikwa alikuwa amefika siku ya kumi na moja, moyo umetulia, halali sana lakini analala. Kahawa ni vikombe viwili tu, na barazani wanamwambia kuwa amekuwa mgeni.

Meno ya watoto, inshaallah, mwezi ujao.